Tundu la Kumi na Saba

Miaka kumi na tisa nilikaa mbele ya ubao wa simu,
ghorofani, juu ya duka la mbegu la Tiedtke,
masikio yamebanwa, kamba mkononi, nikiuliza, "Namba?"
Na nyumba mia mbili na kumi za Orvelle, Nebraska,
hazikunipa namba.
Walisema: Ardith, nipe mama.
Walisema: Ardith, daktari yuko wapi, mtoto anawaka moto,
nami nilijua daktari yuko kwa akina Schlueter, anacheza karata,
nikachomeka kamba huko huko.
Siri ya mtungi, muulize kata.
Mimi ndimi kata.

Nilijua nani anadaiwa, nani mjamzito kabla mumewe hajaambiwa.
Mwaka wa arobaini na nne, wakala wa stesheni alinisomea telegramu
ya mama Hruska,
nikakaa nayo kifuani dakika nne,
nikamwacha amalize kuanika shuka.

Kisha vita vikaisha, na neema ikashuka kama mvua ya mawe:
kwa kishindo, bila kuchagua paa.
Hruska mdogo aliuza nyumbu, akanunua trekta jekundu.
Friji zikaja, nyeupe kama mabibi harusi,
dola saba kwa mwezi,
na Delmar, kijana wa barafu, akaenda Omaha
kugonga ribiti kwenye mabawa ya ndege.
Mashine za kufulia zikawaondoa wanawake uani siku ya Jumatatu;
umbea wao wakauleta kwangu, kwenye waya.
Ulikuwa mwaka mtamu, ule.
Halafu ikaja televisheni,
wakanyamaza.

Saa mbili usiku, ubaoni hapawaki hata taa moja.
Nachungulia dirishani: kila sebule ni buluu,
kama mji umezamishwa ziwani na hakuna aliyestuka.
Viti vya verandani vinabembea vyenyewe.

Sisemi ilikuwa mbaya.
Mama yangu alizikwa na mikono iliyopasuka kwa magadi;
laiti angebonyeza kitufe kimoja tu, akakaa, akanywa kahawa.
Friji nami nilinunua. Nikaifungua usiku
kuitazama taa yake.

Aliyebaki kuniita ni Emil Zabka, mgane, fundi saa mstaafu.
Kila siku, saa tatu kamili:
"Ardith, saa ngapi sasa?"
Nami nazisikia saa zake zote ukutani
zikigonga nyuma ya sauti yake.
"Saa tatu, Bwana Zabka."
"Aha. Ndivyo nilivyodhani."

Wakaja watu wa kampuni kutoka Lincoln, suti za kijivu,
wakajenga kibanda cha matofali kisicho na dirisha,
ndani mashine: hailali, haiugui, haisikilizi.
Wakatukusanya ukumbini shuleni
kutufundisha kutia kidole na kuzungusha,
watu wazima, wakulima wenye vidole kama magunzi,
tukicheka kwa haya.
Mimi nilipewa bruchi ya dhahabu bandia
na simu ya kijani.

Jumamosi, usiku wa manane, wakakata nyaya kwa mkasi mkubwa.
Taa zote za ubao ziliwaka mara moja, zote,
kana kwamba mji mzima unaniita,
zikazima.

Jumapili, saa tatu.
Nyumbani. Simu ya kijani. Kidole juu ya gurudumu.
Wala sikuijua namba yake.
Miaka yote hiyo ni mkono uliomjua:
safu ya pili, tundu la kumi na saba,
lile lenye ukingo uliolika.
Nikafungua kitabu, ukurasa wa mwisho, jina la mwisho,
nikazungusha polepole, tarakimu kwa tarakimu,
gurudumu likirudi kila mara kwa uvivu wake.

Mlio wa katikatika. Laini inatumika.

Bwana Zabka anazungumza na mtu.
Na kwa mara ya kwanza katika mji huu
sijui ni nani.